Mguu wa Kushoto

2 Februari

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Natumai hujambo na baridi ya huko haijakuingia magotini. Sisi huku wazima, ila fundi cherehani wa chini amenuna kama kawaida yake. Jana alipanda ngazi ameshika shati jeupe la mteja, vumbi la dari limelimwagikia begani, akasema tukipiga miguu tena kabla hajafunga duka atamwita mwenye nyumba. Nikamuuliza, mbona miaka yote Mwalimu alikuwa anagonga fimbo juu ya kichwa chako na hukumwita mtu? Akasema, "Yule nilikuwa namwogopa." Basi ujue mwenzio siogopwi.

Darasa lipo. Tunaanza kwa salamu ya sakafu ulivyotufundisha, tunazigusa mbao na kuziomba radhi kwamba tunakwenda kuzikanyaga. Halafu tunakaa nusu, magoti nje, mgongo wima, na kupiga miguu mpaka mapaja yanawaka moto. Bado wazazi wengine wananiuliza kwa nini watoto wao hawajaanza "kucheza kwenyewe". Nawaambia ngoma ya Kihindi ni miguu kwanza, mikono baadaye, uso mwisho. Wanaitikia kwa adabu na wiki inayofuata wanauliza tena.

Sasa la maana. Mwezi ujao anakuja mkaguzi wa chama cha walimu wa ngoma. Akiridhika, darasa litaandikishwa, na Twiga, mwanafunzi wetu wa siku nyingi, atapewa nafasi ya kupanda jukwaani peke yake, onyesho lake la kwanza. Asiporidhika, mwenye nyumba ameshanitamkia kwamba ukumbi atampa mtu mwingine, hataki darasa lisilotambulika. Nilikuahidi siku unaondoka kwenda kwa mwanao kwamba mlango huu hautafungwa mikononi mwangu. Niombee.

Mwanao wa ngoma,
Kisigino


11 Februari

Kisigino,

Marahaba. Mimi mzima. Mkwe wangu ananilisha kama ng'ombe wa mnada, na mwanangu amenunua kochi linalomeza mtu, nikishakaa kuinuka ni kazi ya watu wawili. Sina cha kufanya hapa isipokuwa kuhesabu njiwa kwenye paa la jirani na kuwaona wanavyotembea vibaya.

Mkaguzi asikutie homa. Atatazama mikono kwa heshima, halafu atawavua wasichana njuga na kusikiliza miguu mitupu. Wakaguzi wote ndivyo walivyo, maana mapambo kila mtu anayaweza. Hapo ndipo utakaposhukuru kwamba nilikuchelewesha. Wakumbuka ulivyolia? Wenzako wa shule walikuwa wanacheza nyimbo nzima harusini, wewe bado unatua kisigino kwanza nikikukemea uweke unyayo wote. Jina hilo hukulipata bure.

Nitakwambia kitu na usinicheke. Jukwaa kubwa sikulipata, jina sikulipata. Nilichopata ni kwamba hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwangu akiwa na mguu mchafu. Hicho tu ndicho nilichofanya hapa duniani ninachoweza kukisema bila aibu. Nenda nacho mbele ya mkaguzi wako, kichwa juu.

Na uache kunipigia simu kuniuliza maswali ya hatua. Simu ni ya kuulizia hali. Jambo la maana liandike, ulifikirie huku unaliandika.

Mwalimu wako
(najua mnaniita Bibi Fimbo, msidhani mimi kiziwi)


9 Machi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Mkaguzi amekuja na amekwenda. Amesifu mikono, amesifu macho ya Twiga, amesema migongo yetu imenyooka vizuri sana. Atarudi Juni kumalizia. Kwa sasa tunarudia msingi kidogo, mambo madogo madogo tu, wala usijisumbue nayo. Naandika kwa haraka, watoto wako mlangoni.

Wako,
Kisigino


9 Machi

Dada yangu,

Wewe ndiye mke wa mwana wa Mwalimu, unaishi naye nyumba moja, kwa hiyo nakuandikia wewe lisilosemeka kwake. Barua hii ichane ukishaisoma. Nimetoka kumwandikia Mwalimu sasa hivi nikimdanganya.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, ingekuwa afadhali angekuwa mkali. Alitazama kila kitu akitabasamu. Halafu akawavua njuga, akaomba hatua ya kwanza kabisa, ile ya kupiga mguu wa kulia na wa kushoto papo hapo, kwa mwendo wa pole, wa kati, kisha wa haraka. Kwenye mwendo wa haraka akafumba macho. Akaomba tena. Akawaita mmoja mmoja, mkubwa kwa mdogo, akainama kutazama sakafuni. Mwisho akaniomba mimi. Nilipomaliza akaniuliza, taratibu kabisa, "Mwalimu wenu aliumia mguu wa kushoto?"

Nikasema hapana. Dada, nilisema hapana kwa moyo mweupe, sikujua! Akaniambia, "Darasa zima linachechemea." Kulia kunatua unyayo wote, pa! Kushoto kunatangulia ukingo wa nje, halafu unyayo unafuata, umechelewa kidogo tu. Kila mtoto. Na mimi. Alisema hajawahi kuona kosa lililofundishwa kwa usafi namna ile.

Alipoondoka nilikaa kwenye ngazi nikaanza kumwona Mwalimu akishuka. Mkono kwenye nguzo, kulia kwanza, kushoto kunaletwa. Miaka yote nilimwona hivyo nikadhani ni maringo yake. Nikakumbuka kwamba nilipokuwa mdogo nilijaribu kushuka hivyo hivyo ili nifanane naye.

Mkaguzi amesema miguu isiporudi sawa kufikia Juni hawezi kuandika jina letu. Na shida kubwa ni hii: siwezi kuwarekebisha. Nimejaribu kila asubuhi peke yangu. Najua kwa kichwa kwamba mguu wangu umekosea, lakini mwilini nausikia uko sawa kabisa. Ndio mguu pekee ninaoujua. Anayeweza kuniongoza ni mmoja tu, na huyo nikimwambia nitakuwa nimemwondolea kitu pekee anachojivunia. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Kisigino


17 Machi

Mdogo wangu,

Pole sana. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nilijua tangu siku ya kwanza nilipoletwa nyumbani kwao kama mchumba. Kifundo chake cha mguu wa kushoto hakikunjiki. Kilivunjika zamani na kikaunga vibaya. Ukimuuliza atasema ni viatu. Kila kiatu nilichomnunulia kimelaumiwa, hata ndara. Mume wangu naye anasema mama yake ana miguu ya kisanii. Ndivyo walivyo watu hawa.

Sitamwambia, hilo si langu. Lakini usidhani anaweza kudanganyika. Barua yako fupi ameisoma mara nyingi kuliko ilivyo na maneno. Leo mezani ameniuliza, "Mtu mwenye msingi mzuri anarudia msingi kwa nini?" Nikamwongezea mchuzi. Mdogo wangu, mchuzi una mwisho wake. Mwandikie.

Dada yako


20 Machi

Kisigino,

Nimesubiri barua nyingine, haikuja, basi naandika mimi.

Kama umempata mwalimu mwingine, sema. Mimi si mtoto. Najua siku hizi kuna walimu wa vioo na taa, wanaofundisha nyimbo tatu kwa likizo moja. Kama huyo mkaguzi amekwambia niliyokupa yamepitwa na wakati na sasa mnayabomoa, ungeniambia kwa maneno yako, si kwa "mambo madogo madogo tu". Tangu lini kwangu kulikuwa na mambo madogo? Nilikusimamisha mwaka mzima kwenye kukaa nusu, hukuniona nikikwambia ni jambo dogo.

Nimeumia, na sina haja ya kuficha. Gogo langu la kupigia mwendo kwa fimbo, kama halina kazi nirudishie. Mkwe atalitumia kukatia nyama.

Mwalimu


29 Machi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Gogo silirudishi. Hakuna mwalimu mwingine, na hatakuwapo. Nimekuficha jambo kwa sababu nakupenda, na naona nimekuumiza kuliko ambavyo ukweli ungekuumiza, kwa hiyo sasa nausema.

Mkaguzi amekuta darasa zima linatua mguu wa kushoto kwa ukingo, halafu unyayo. Watoto wote, na mimi mbele yao. Aliniuliza kama uliumia, nikakana. Baadaye nikakukumbuka ngazini.

Mwalimu, hatukuona kilema. Tuliona wewe unavyosimama, tukasimama hivyo. Hujawahi kutufundisha vibaya hata siku moja. Mdomo wako ulisema unyayo wote, fimbo yako ilisema unyayo wote, ila macho yetu yalikuwa kwako. Nani alikuwa na muda wa kusikiliza wakati anaweza kukutazama?

Mimi hasa. Unajua nilivyoingia kwako. Mama yangu alikuwa anasafisha ngazi za jengo lile na mimi nilikuwa naachwa nikae pale chini hadi amalize, nimeinamisha kichwa, watu wananiruka kama ndoo. Wewe ukafungua mlango ukaniuliza, "Unakaa hapo kwa nini, na sakafu iko huku?" Mama alikuja mbio kuomba samahani. Ukamwambia, "Endelea na kazi yako mama, huyu sasa ana kazi yake." Mama alilia kwenye ngazi siku ile, hilo hulijui. Mpaka leo akiniona nimenyoosha mgongo anakutaja. Kwa hiyo ukisikia nina mguu wako, usihuzunike kwa ajili yangu. Ningepewa nichague tena, ningekutazama vile vile.

Lakini hawa watoto wana Juni. Na miye siwezi kuwapa mguu nisio nao. Kama kabla ya kuumia ulikuwa na mguu mwingine, niambie ulikuwaje. Nikasirikie ukitaka, ila niambie.

Kisigino wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Harakaharaka kabla sijaingia zamu. Barua yako imefika na ameisoma amesimama. Kisha akaenda uani akafunga mlango. Hajala vizuri tangu hapo. Asubuhi nilimchungulia, amevua viatu, ameshika kamba ya kuanikia nguo, anapiga miguu. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Anasimama, anatikisa kichwa, anaanza tena. Sijamsemesha.

Usiogope. Angekuwa amekukatia tamaa asingevua viatu.

Dada yako


14 Aprili

Kisigino mwanangu,

Marahaba ya tangu Machi.

Kwanza nilikukasirikia wewe. Halafu nikamkasirikia mkaguzi, na mwisho nikaukasirikia ubao. Nilikuwa na umri kama wako sasa. Ubao wa jukwaa ulikuwa umeoza, nikapiga mguu wa kushoto kwa mwendo wa haraka, ukapita chini mpaka gotini. Nikautoa nikamaliza ngoma. Watu walipiga makofi, mimi nikaenda nyuma ya pazia nikatapika. Mfupa uliunga ulivyotaka wenyewe. Daktari akasema kucheza basi.

Nikahamia kwenu, mji ambao hakuna aliyekuwa amenitazama kabla. Nikajizoeza mbele ya kioo hadi mimi mwenyewe nikawa sioni kitu. Niliringa sana kwa kazi ile. Nilidhani nimekificha kile kifundo. Kumbe nilikuwa nakifundisha.

Nikacheka, Kisigino. Nilikuwa uani, nimeshika kamba ya nguo, nikacheka mpaka mkwe akaja na glasi ya maji na kipimo cha presha. Watoto wote wale, hata yule mnene mwenye nguvu za trekta, wanachechemea kwa nidhamu kwa sababu Bibi Fimbo anachechemea! Nani mwingine amewahi kutazamwa kiasi hicho? Nilikuwa nadhani mnatazama saa.

Haya, tuache kucheka, Juni inakuja. Sikiliza.

Usiwaonyeshe mguu wako. Kuanzia kesho usipige hatua mbele yao hata moja. Wageuze ukutani, wafumbe macho, wewe piga gogo tu. Wakutazame hapana, wasikilize ndiyo. Unyayo mzima una sauti moja kavu, kama kofi. Ukisikia sauti mbili, mrudishe huyo mwendo wa pole.

Weka beseni la maji. Walowanishe nyayo, wapige kwenye mbao kavu, kisha wainue mguu watazame wenyewe alama. Upande wa kushoto watakuta ukingo peke yake. Usiwaambie wamekosea, alama itawaambia. Walowanishe tena. Fundi cherehani akidondokewa na maji mwambie ni mimi nimeagiza.

Na wewe. Wewe ni kazi ngumu zaidi, maana umekaa na mguu wangu miaka mingi. Tafuta mtoto aliyeingia juzi, ambaye hajapata kuniona wala hajakutazama vya kutosha. Simama nyuma yake, upige anavyopiga. Najua utaona haya. Mimi pia ningeona haya. Simama hivyo hivyo.

Ya mama yako nimeyasoma. Sikujua kwamba alilia. Msalimie, mwambie ile siku nilikuwa nimechoka na nilikuwa najiuliza kama nifunge darasa, ndipo nikafungua mlango nikaona mtoto. Yeye ndiye aliyeniletea.

Mwalimu wako


20 Juni

Mwalimu wangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Tumeandikwa!

Ngoja nikuhadithie kwa mpangilio. Ulivyosema ndivyo tulivyofanya. Wiki za mwanzo watoto walidhani nimerukwa na akili. Mwalimu gani anawageuza watu ukutani kama wamekosa? Trekta alisinzia amesimama. Beseni lilipoingia mambo yakabadilika, wakawa wanashindana nani ana alama nzima, wanaitana waje watazame nyayo zao. Twiga ndiye aliyepata tabu kuliko wote, alikuwa amekutazama muda mrefu kuliko wenzake. Alilia siku mbili tatu. Siku moja akainua mguu wa kushoto akakuta unyayo mzima umelala pale kwenye ubao, vidole vyote vitano. Alikaa chini akautazama mpaka ukakauka.

Fundi cherehani alidondokewa, ndiyo. Alipanda amefura, nikamwambia umeagiza wewe. Akauliza, "Amerudi?" Nikasema bado. Akashuka polepole.

Mimi nilisimama nyuma ya binti wa muuza vitabu, kadogo, hata jino la mbele hakana. Aliniuliza kwa nini mwalimu anajifunza kwa mtoto. Nikamwambia kwa sababu yeye ana kitu ambacho mimi sina. Tangu hapo ananikosoa bila huruma, utadhani umemtuma wewe.

Mkaguzi alikuja jana. Akawavua njuga, akafumba macho, akasikiliza mwendo wa pole, wa kati, wa haraka. Akaomba wa haraka tena. Alipofumbua macho akachukua kalamu akaandika pale pale, hakwenda kufikiri. Twiga anapanda jukwaani Agosti. Mwenye nyumba ameniita "mwalimu" kwa mara ya kwanza.

Mimi pia akanisikiliza. Kwenye pole na kati niko sawa. Kwenye haraka mguu wako unarudi, unakuja wenyewe kabla sijaufukuza. Alisema itachukua muda na nisiwaonyeshe watoto bado. Sikuona aibu, Mwalimu. Nilishukuru tu kwamba mguu huo umekaa kwangu na kwao haupo.

Nimemtumia Dada sauti kwenye simu yake. Hakuna muziki wala picha, ni fimbo na miguu tu. Mwambie akuwekee.

Asante kwa mlango. Asante kwa kunichelewesha.

Kisigino


28 Juni

Kisigino,

Marahaba. Hongera yako, hongera ya Twiga, hongera ya huyo kadogo asiye na jino, mwambie mwalimu wa mwalimu wake anamsalimu.

Mkwe aliniwekea simu mezani, nikamwomba atoke afunge mlango. Nilianza na fimbo. Kwenye mwendo wa kati unakimbia, sijui unakimbilia wapi. Rekebisha.

Halafu miguu ikaingia. Nilikuwa nimejiandaa kusikiliza kwa kukosoa, ndiyo kazi yangu. Wa kulia nikausikia, safi. Wa kushoto ukaja, na mimi nikashindwa kuendelea kukosoa.

Nilikuwa na mguu wa kushoto mzuri, mwanangu. Hujui, huwezi kujua, hukuwa umezaliwa. Ulikuwa unalia kuliko wa kulia, watu walikuwa wanausema. Baada ya ule ubao nilisahau sauti yake. Niliweza kukumbuka nguo niliyovaa, taa zilivyokaa, nani alikuwa mstari wa mbele, ila sauti ya mguu wangu mwenyewe niliitafuta miaka yote na sikuipata. Siku zile za Aprili uani nilikuwa naitafuta pia, mkwe alidhani nafanya mazoezi.

Ndiyo hii. Ni hii hii kabisa. Wasichana ambao hawajawahi kuusikia mguu ule wanaupiga wote kwa pamoja, na mimi nimekaa peke yangu chumbani nausikia.

Asante, mwanangu. Nimemwita mkwe arudi aniwekee tena tangu mwanzo.

Mwalimu wako